Kumwachia bibi mtoto: tupime kazi, si miaka yake

Likizo ya uzazi inapokaribia kuisha, mara nyingi suluhisho hutoka kwa bibi mwenyewe: "Mleteni mjukuu wangu, mimi si nipo tu hapa nyumbani." Kila mtu anapumua. Mtoto atabaki na damu yake, gharama itapungua, na bibi atapata wa kumchangamsha. Siku hiyo hakuna anayeuliza mtoto atakaa hapo saa ngapi kwa siku, kwa miaka mingapi, na itakuwaje akianza kukimbia wakati ambao magoti ya bibi yanazidi kugoma.

Wapo wanaoona kuuliza hivyo ni kukosa adabu. Bibi huyo alilea watoto wake wote, wewe ukiwamo, na mkakua salama. Leo unataka kumfanyia usaili? Wapo wengine wanaoona kwamba mtu wa miaka sabini na kitu hastahili kabisa kuachiwa mtoto mdogo, basi. Mimi niko upande wa bibi na babu, lakini sikubaliani na hoja kwamba upendo na uzoefu vinatosha. Kinachopaswa kupimwa ni kazi tunayowakabidhi.

Tuanze na hofu kubwa kuliko zote, ya mtoto kuumia. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani walilinganisha watoto wadogo kulingana na nani aliyekuwa akiwaangalia. Waliokuwa na bibi walikuwa na hatari ya kuumia iliyo karibu nusu ya ile ya walioangaliwa na mama zao, ndugu wengine au vituo vya malezi. Mwaka 2011 utafiti mwingine wa huko huko Marekani ulichunguza ajali za magari zilizotokea watoto wakiwa ndani. Walioendeshwa na babu au bibi waliumia kwa kiwango cha nusu ya walioendeshwa na wazazi, ingawa wazee hao walikosea kidogo zaidi katika kuwafunga watoto kwenye viti vyao. Matokeo hayo hayakunishangaza. Mzee huenda hajui kanuni zote mpya za kiti cha mtoto, lakini haendeshi huku akichungulia simu, na anajua kwamba aliyembeba si wake peke yake.

Hata hivyo, takwimu hizo zina mpaka ambao watetezi wa bibi hupenda kuuruka. Bibi si lazima awe mzee. Katika utafiti wa magari, wastani wa umri wa babu na bibi haukufika miaka 60. Mtu wa umri huo pengine bado yuko kazini na anapanda ngazi bila kushika ukuta. Huwezi kuchukua matokeo yake ukamvika mtu wa miaka 78.

Utafiti uliotenganisha umri ulitoka Finland, ukachapishwa mwaka 2019. Watafiti walipekua kumbukumbu za makanisa za karne ya 18 na 19, zama ambazo watoto wengi walikufa wakiwa wadogo. Watoto wa miaka miwili hadi mitano waliokuwa na bibi mzaa mama wa miaka 50 hadi 75 walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi, kwa karibu asilimia 30. Lakini watoto wachanga waliokuwa na bibi mzaa baba aliyevuka miaka 75 walikuwa na nafasi ndogo zaidi. Hakuna anayedai kwamba mabibi hao waliwadhuru wajukuu. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba nyumba ilikuwa na watu wawili wanaohitaji kutunzwa, mmoja anayeanza maisha na mwingine anayeyamaliza, huku mikono ya kuwatunza ikiwa ile ile. Nadhani hapo ndipo familia nyingi hujidanganya: wanamhesabu bibi miongoni mwa watunzaji, ilhali yeye mwenyewe ameshaanza kuhitaji wa kumtunza.

Halafu kuna mtoto, ambaye naye habaki vile vile. Wa miezi mitatu anachosha kwa kilio na kukosesha usingizi, lakini ukimlaza mahali utamkuta hapo hapo. Akifika miezi tisa anatambaa. Akifika mwaka na nusu anapanda viti, anafungua makabati, anavuta kitambaa cha meza chenye chai ya moto juu yake, na ana kilo kumi au zaidi ambazo mtu anapaswa kuziinua tena na tena tangu asubuhi hadi jioni. Akifika miaka minne anaanza kusikia neno, anaweza kukaa chini akasimuliwa hadithi, na akitumwa alete miwani ataileta. Kwa hiyo bibi mmoja anaweza kufaa sana leo, akazidiwa mwaka ujao, kisha akawa mlezi bora kuliko wote baada ya miaka mitatu. Familia nyingi hupanga mara moja tu, mtoto akiwa mchanga na mtulivu, na hazirudi mezani tena.

Kipindi kigumu ni hicho cha kuanzia kutambaa hadi kama miaka mitatu, na hapo mwili wa mzee una maneno yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mtu mmoja kati ya watatu wenye miaka 65 na zaidi huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Mzee akianguka akiwa amembeba mtoto, wanaoumia ni wawili, na pengine hakuna wa kupiga simu. Maji nayo hayahitaji kuwa mengi. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache, na mara nyingi anazama kimya, bila kupiga kelele wala kurusha maji kama watu wanavyodhani. Mlezi asiyesikia vizuri, au anayehitaji muda kuinuka kwenye kiti, hafai kuachiwa kazi ya kumwogesha mtoto huyo peke yake. Kumweleza hivyo si kumvunjia heshima. Wazazi wamwogeshe mtoto wenyewe asubuhi au jioni, na beseni na ndoo zibaki tupu mchana kutwa.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana, nayo ni dawa za mzee mwenyewe. Watu wengi wa umri huo wana vidonge vya presha, kisukari au moyo, na huviweka pale wanapoviona ili wasivisahau: kando ya kitanda, mezani, ndani ya mkoba. Ni mahali pale pale ambapo mkono wa mtoto unafika. Baadhi ya dawa hizo, kama glibenclamide ya kisukari au nifedipine ya presha, zinaweza kuhatarisha maisha ya mtoto wa miaka miwili hata akimeza kidonge kimoja au viwili. Zile za kushusha sukari zina hila zaidi, kwa sababu sukari inaweza kuporomoka saa kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshajiridhisha kwamba mtoto anacheza vizuri. Mtoto aliyemeza apelekwe hospitali mara moja, hata kama haonyeshi dalili yoyote. Na visanduku vile vya kupangia dawa za wiki, vyenye vifuniko vinavyofunguka kwa kidole kimoja, vinamrahisishia mzee na mtoto kwa pamoja. Dawa ziwekwe juu na zifungiwe, na mzee awekewe kengele ya simu ya kumkumbusha. Katika yote ninayoandika hapa, hili ndilo linalofanyika leo hii bila kumgombeza mtu.

Suala la elimu iliyobadilika linahitaji upole zaidi. Hadi miaka ya mwanzo ya 1990, wazazi katika nchi nyingi walishauriwa na wataalamu wenyewe wawalaze watoto wachanga kifudifudi. Baadaye ikagundulika kwamba kulala hivyo kunaongeza vifo vya ghafla vya usingizini, na nchi kama Uingereza na Marekani zilipoanza kampeni za kuwalaza watoto chali, vifo hivyo vilishuka kwa zaidi ya nusu. Bibi anayemgeuza mjukuu alale kwa tumbo si mzembe; anafuata alichofundishwa na muuguzi wa zama zake. Asali kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, aspirini kwa mtoto mwenye homa, maji kwa mtoto ambaye hajafikisha miezi sita: yote hayo yalikuwa ya kawaida katika nyumba nyingi, na leo wataalamu wanayakataza kwa sababu zinazojulikana.

Anayesema naye ni nani, hilo lina uzito kuliko kinachosemwa. Mkwe akimwambia mama wa mumewe kwamba analaza mtoto vibaya, hapo mazungumzo yameshageuka kuwa ugomvi wa nani ni mama bora. Aseme mtoto wake wa kumzaa, tena kwa sauti ya chini: "Mama, kliniki wamebadilisha mafundisho, siku hizi wanasema mtoto alale chali." Na kama inawezekana, bibi aende kliniki na mjukuu, ayasikie mwenyewe kwa muuguzi na aulize maswali yake. Anayepewa sababu huisimamia kanuni hata mzazi asipokuwapo. Aliyeamrishwa tu ataiacha mlango ukifungwa.

Kuhusu kudekeza sina mengi. Ni kweli kwamba utafiti wa Uingereza uliofuatilia watoto wapatao 12,000 ulikuta waliolelewa na babu na bibi muda wote wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na uzito uliopitiliza wakiwa na miaka mitatu. Hilo lizungumzwe, lakini lisipewe uzito sawa na beseni la maji au kidonge cha kisukari.

Sasa tumtazame bibi mwenyewe, maana mjadala huu karibu wote humzungumzia kama kifaa kinachofaa au kisichofaa. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia zaidi ya watu 500 wa Berlin wenye miaka 70 na zaidi. Waliosaidia kuangalia wajukuu mara moja moja waliishi muda mrefu kuliko wasiowaangalia kabisa. Utafiti wa Melbourne wa mwaka 2014 kwa wanawake wa umri kati ya miaka 57 na 68 ulikuta walioangalia wajukuu siku moja kwa wiki wanafanya vizuri katika majaribio ya akili na kumbukumbu, lakini waliowaangalia siku tano au zaidi walifanya vibaya katika baadhi ya majaribio hayo. Inawezekana kwamba wenye afya ndio wanaojitolea, kwa hiyo tusiseme mjukuu ni dawa. Lakini tofauti kati ya siku moja na siku tano inalingana na wanachosema mabibi wenyewe ukiwapa nafasi ya kusema.

Hesabu ni rahisi. Wazazi wanaotoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi saa kumi na mbili na nusu jioni, siku tano, wamempa mama yao saa 60 kwa wiki. Hakuna ofisi ingemwajiri mtu wa miaka 72 kwa saa hizo, bila likizo na bila ujira. "Nipo tu" haikuwa ridhaa ya saa 60. Baadhi ya serikali zimeanza kuitambua kazi hii: tangu Julai 2024 Sweden inaruhusu wazazi kumhamishia babu au bibi sehemu ya siku zao za likizo ya malezi zenye malipo. Familia isiyo na sheria kama hiyo bado inaweza kumpa bibi siku ya mapumziko isiyoguswa, fedha mkononi bila kuziomba, na uhuru wa kusema leo sijisikii vizuri bila kuonekana amewaangusha watu.

Nitajibiwa kwamba haya ni mawazo ya wenye uchaguzi. Ni hoja ya haki. Kuna mabibi na mababu wanaolea kwa sababu mzazi amefariki, yuko mbali au hajiwezi, na hakuna kituo wala fedha ya kumwajiri mtu. Kwao swali la kumwamini au kutomwamini halina maana. Yeye ndiye aliyepo. Kinachobaki ni nani atamshika mkono: mtu mzima wa pili kwenye saa ngumu za kuogesha na kupika, namba za simu zilizoandikwa kwa herufi kubwa ukutani, jirani anayejua kwamba asipoona mlango umefunguliwa asubuhi aje kugonga. Na msaidizi huyo asiwe mtoto wa miaka tisa anayeachishwa masomo ili amlinde mdogo wake.

Nina mahali pamoja ambapo sitoi nafasi ya kujadiliana. Mzee anayesahau jiko likiwaka, anayepotea njia anayoijua, anayechanganya dawa zake au anayemwita mjukuu kwa jina la mtoto aliyemlea miaka 40 iliyopita na asijirekebishe, asiachwe peke yake na mtoto mdogo hata kwa robo saa. Hilo halimaanishi anyang'anywe wajukuu. Wakae pamoja, wacheze, wasinzie kwenye kochi moja, mradi yupo mtu mzima mwingine ndani ya nyumba. Ugumu ni kwamba siku hiyo ikifika, yeye mwenyewe huenda asiione, na watoto wake watakuwa wanaogopa kumwambia. Ndiyo maana aulizwe sasa akiwa mzima: "Mama, ikifika siku kazi hii imekuzidi, ungependa nani akwambie, na tutaijua kwa dalili gani?" Atakayemtaja ndiye apewe jukumu hilo mbele ya ndugu wote, na wazazi waanze kutafuta mlezi mbadala mwaka huo huo, bibi angali na nguvu za kumfundisha mlezi huyo namna mjukuu anavyobembelezwa na anachoogopa.