Mwenye sukari naye ana ulimi

Kwenye shughuli za kwetu Tanga, mtu akishajulikana kuwa ana sukari, sinia la halua likifika kwake hupitishwa haraka, na hakosi mtu wa kusema kwa sauti, "Huyo msimpe, ana sukari." Anayesema hana nia mbaya. Lakini mama yangu, mwalimu mstaafu anayeishi na kisukari cha aina ya pili kwa miaka mingi sasa, hubaki anatabasamu tu huku wenzake wakilamba vidole. Wenye wazee wa namna hii wanajua kinachofuata: kipande kinaliwa jikoni kwa kificho, na asubuhi mashine inatoa namba ambayo kila mtu nyumbani anajifanya hajui imetoka wapi.

Ndiyo maana nazitetea pipi ndogo za chokoleti ya mnanaa zisizo na sukari. Bei yake inauma, sikatai. Ila kati ya vitu vyote vinavyouzwa kwa jina la "bila sukari", hizi ndizo zilizonishawishi. Biskuti za aina hiyo nyingi ni kavu, na jamu zake huacha ladha ya dawa kooni. Pipi ya chokoleti na mnanaa mtu huila kwa sababu ni tamu, hata yule asiye na ugonjwa wowote.

Siri ni ule mnanaa. Ukiitoa sukari kwenye chokoleti, utamu hauondoki peke yake, ujazo nao unaondoka, maana kwenye chokoleti ya maziwa ya kawaida sukari hukaribia nusu ya uzito. Watengenezaji huliziba pengo hilo kwa maltitoli, erithritoli au zailitoli, ambazo zote ni za jamii moja iitwayo polioli, na mara nyingi hutia na stevia kidogo, yaani utamu unaotolewa kwenye majani ya mmea. Sasa erithritoli na zailitoli zina tabia yake: zikiyeyuka mdomoni hufyonza joto, ulimi ukahisi baridi. Kwenye chokoleti tupu ubaridi huo unakera, kwani mtu alitarajia ule uvuguvugu wa kakao. Kwenye mnanaa ubaridi ndio unaotafutwa. Mentoli, ile inayoupa mnanaa ukali wake, haipoozi chochote. Huamsha kipokezi cha baridi kwenye neva kiitwacho TRPM8. Wanasayansi David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja kwenye maabara yake, walikitambua kipokezi hicho kwa kutumia mentoli hiyohiyo, na mwaka 2021 wakapewa pamoja Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kazi yao juu ya namna mwili unavyohisi joto, baridi na mguso. Ongeza uchungu wa kakao, ambao hufunika ule uchungu unaoachwa na stevia, uone jinsi kila kasoro ya kuondoa sukari inavyopata pa kujificha.

Mama hula moja baada ya chakula cha mchana, na kikombe cha kahawa chungu pembeni. Haitafuni. Anaiweka juu ya ulimi, anasubiri gamba la nje lilainike, kisha anapiga funda dogo la kahawa. Kahawa ya moto inakutana na mnanaa, naye anafumba macho. Kwa joto la Pwani pipi zenyewe hukaa kwenye friji, kwa sababu mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi kama 34 na hapa kwetu kabati la jikoni halipo mbali na hapo. Zikitoka na utando mweupe juu, msizitupe. Ule si ukungu. Mara nyingi ni mafuta ya kakao yaliyopanda juu baada ya kuyeyuka na kuganda tena.

Tuje kwenye hesabu. York Peppermint Pattie ya kawaida ya gramu 39, pipi ya chokoleti na mnanaa inayojulikana sana kwa ndugu zetu walioko Marekani, ina takriban gramu 25 za sukari. Hivyo ni vijiko sita vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa ibaki chini ya asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni hizo gramu 25. Kipande kimoja kimemaliza siku nzima, kabla hujahesabu chai ya asubuhi, na chai yetu tunaijua.

Lakini nikisema nazitetea sisemi zibugiwe, na hapa ndipo ninapogombana na maneno "bila sukari" yaliyoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya paketi. Geuza nyuma usome kilichotiwa badala yake. Kama ni maltitoli, jua kwamba nayo inapandisha sukari ya damu, takriban nusu ya vile inavyopandisha sukari ya kawaida, na gramu moja ina kalori 2.1 dhidi ya 4 za sukari. Tulimpima mama saa mbili baada ya vipande kadhaa vya aina hiyo: haikuruka kama anapokula halua, lakini ilipanda. Kama ni erithritoli, hiyo karibu yote hutoka kwenye mkojo bila kutumika, na kalori zake ni 0.2 tu. Paketi mbili zinaweza kukaa rafu moja, zote zimeandikwa "bila sukari", na kwenye damu ya mgonjwa zikawa vitu viwili tofauti kabisa. Mafuta nayo yanabaki palepale. Chokoleti isiyo na sukari bado ni chokoleti, na anayetaka kupungua uzito asidhani amepata njia ya mkato.

Tumbo nalo lina lake la kusema. Polioli nyingi hazimaliziki kwenye utumbo mdogo. Zinashuka chini, bakteria wanazichachusha, ndipo gesi, kuunguruma na kuharisha. Umoja wa Ulaya unalazimisha chakula chenye zaidi ya asilimia 10 ya polioli za kuongezwa kiandikwe onyo kwamba kula kupita kiasi kunaweza kuharisha. Mwenye kiungulia ajue pia kuwa mnanaa na chokoleti vyote viwili hulegeza mlango wa juu wa tumbo. Asile halafu akalale. Na mwenye mbwa aziweke juu kabisa, maana zailitoli ni sumu kwa mbwa hata kwa kiasi kidogo.

Kuna jambo moja ambalo kila nyumba yenye mgonjwa inapaswa kulijua. Sukari yake ikishuka, akaanza kutetemeka, jasho jembamba likamtoka na maneno yakaanza kumpotea, pipi hizi hazimsaidii. Hapo anataka sukari ya kweli, gramu kama 15: vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, soda ya kawaida nusu glasi, au glukosi. Nimekuta mikoba ya wagonjwa imejaa pipi zisizo na sukari tu, ati ndizo salama kwao. Waziweke, lakini pembeni iwepo na glukosi.

Mwaka 2023 utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Nature Medicine ulikuta kuwa watu wenye erithritoli nyingi kwenye damu walipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi. Uhusiano huo bado hauthibitishi kwamba erithritoli ndiyo iliyosababisha, ila wagonjwa wetu wa kisukari tayari wana mioyo ya kulindwa, na kwangu hiyo inatosha kusema moja au mbili kwa siku, basi.

Kinachoniudhi zaidi ni rafu zilizoandikwa "kwa wagonjwa wa kisukari", ambako bei hupanda mara mbili au tatu kwa ajili ya maneno hayo tu. Ujerumani ilifuta mwaka 2010 kanuni zilizoruhusu vyakula vya namna hiyo, na ilipofika 2012 maandishi hayo yakawa yameondoka madukani, kwa hoja kwamba mgonjwa wa kisukari anahitaji chakula bora kilekile kinachomfaa kila mtu. Sisi bado tunamuuzia hofu. Ningependa paketi inayoingia nchini iandikwe kwa Kiswahili ni kitu gani kilichotiwa na gramu ngapi, ili bibi asiyejua Kiingereza wala Kijerumani asome mwenyewe badala ya kumsubiri mjukuu.

Na asiyeweza kuzinunua asijione amekosa. Chokoleti nyeusi ya asilimia 85 ina sukari karibu gramu 15 katika kila gramu 100, hivyo kipande cha gramu 10 kina kama gramu moja na nusu, tena bila maltitoli. Kyela wanalima kakao, mnanaa unaota kwenye kopo nyuma ya nyumba. Yeyusha chokoleti hiyo juu ya maji ya moto, chovya majani ya mnanaa uliyoyaosha na kuyakausha vizuri, yapange kwenye sahani, weka kwenye friji nusu saa. Mama anayapenda kuliko zile za dukani, na wageni huyamaliza kabla yake.

Kwa ndugu mlioko Muscat, London na Minneapolis, ambao kila mkirudi mnatuletea masanduku ya chokoleti: mkifikia rafu ya zisizo na sukari, chukueni zenye mnanaa, na kabla hamjalipa igeuzeni paketi. Mkiona erithritoli na stevia, leteni. Mkiona maltitoli ndiyo ya kwanza kwenye orodha, leteni paketi moja tu.