Bia mbili za mzee na barabara ya usiku

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye sendofu Buhongwa, jijini Mwanza. Saa sita kasoro usiku baba mdogo akatoa funguo mfukoni. Ana miaka 66, mwalimu mstaafu, na tangu saa mbili alikuwa amekunywa bia mbili tu. Nilipomwomba niendeshe mimi, alinitazama kwa upole: "Mwanangu, nimeshika usukani kabla hujazaliwa. Bia mbili ni nini?" Hakuwa amelewa. Alitembea wima, akaaga wazee wenzake mmoja mmoja kwa majina. Nikakaa kiti cha pembeni.

Tulipopita Mkolani kuelekea Nyegezi, lori likatokea mbele na taa kali. Baba mdogo akapunguza mwendo, akakaza macho. Lori likapita, na kwa sekunde mbili hivi tairi ya kushoto ikawa inasaga kokoto nje ya lami, hatua chache nyuma ya mtu aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa. Nikapiga kelele, akarudi barabarani. Mtu yule hakuguswa. Kilichonitisha ni maneno ya baba mdogo tulipofika Mkuyuni: "Baiskeli ipi?"

Tusikimbilie kusema alivunja sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inampa dereva wa gari binafsi kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi. Mwanaume wa kilo 70 akiinywa kwa haraka hufika kwenye miligramu 40 hivi, kisha mwili huondoa kama 15 kila saa. Bia mbili kwa karibu saa nne zinamwacha chini ya nusu ya kikomo. Trafiki angempima na kumwambia, "Safari njema, mzee."

Lakini kikomo hicho hakiulizi umri. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu watu 72, nusu wakiwa na miaka 25 hadi 35, nusu 55 hadi 70. Waliendesha kwenye mtambo wenye usukani, breki na skrini inayoonyesha barabara ya kijijini yenye kona. Wengine walipewa pombe ya kiasi ambacho hakifiki 80, wengine soda iliyonyunyiziwa pombe kidogo sana ili wasijue. Uendeshaji wa vijana haukubadilika kwa vipimo vile. Wa wazee ulibadilika. Na barabara ile ya kwenye skrini ilikuwa karibu tupu: hakuna bodaboda isiyo na taa, hakuna daladala inayosimama ghafla, hakuna mkokoteni.

Sababu zake zinaeleweka. Mtu akizeeka maji ya mwili hupungua, kwa hiyo kilevi kile kile huenea kwenye maji machache na kuwa kikali zaidi katika damu. Mboni za macho hazifunguki sana gizani kama zamani, na jicho likishapigwa na mwanga mkali huchelewa kurudia hali yake, hasa kama mtoto wa jicho ameanza. Kisha kuna dawa. Baba mdogo anatumia za presha, na siku ile alikuwa amemeza piriton kwa ajili ya mafua. Piriton peke yake inasinzisha. Ikikutana na bia, usingizi unaongezeka maradufu. Hili hakuna kipima ulevi kinachoweza kulionyesha.

Sasa nisikilize upande wake, maana una uzito. Takwimu za ajali za nchi zinazopima madereva kwa miaka mingi zinaonyesha kwamba kwa kiwango kile kile cha kilevi, kijana ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kufa barabarani. Anakimbiza, anashindana, hafungi mkanda. Mzee anajua udhaifu wake, na kwa kawaida anaukwepa: anatoka mchana, anakwenda taratibu, anachagua barabara aliyoizoea. Kumtungia sheria yake peke yake ni kumdhalilisha mtu ambaye hajamgonga yeyote kwa miaka 40. Na ukimnyang'anya funguo saa sita usiku, unampakia kwenye nini? Mzee mwenye suti na fimbo nyuma ya bodaboda, kwenye mteremko, na dereva ambaye naye hujui ameshinda wapi, hayuko salama zaidi.

Nakubaliana na karibu yote hayo. Ila kinachomlinda mzee kwenye takwimu hizo ni uchaguzi: saa, mwendo na njia. Sherehe zetu ndizo zinazompokonya. Kadi inasema saa kumi na mbili, bibi harusi anaingia saa tatu, chakula kinatolewa saa tano, na mzee hawezi kuondoka kabla ya kutoa nasaha. Usiku anaokunywa ndio huo huo anaolazimika kuendesha gizani, amechoka, pengine kwenye njia asiyoijua. Uzoefu wake wote ni wa barabara za mchana akiwa hajanywa kitu.

Hata jiografia yetu imebadilika. Kabla Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, aliyetoka sherehe Sengerema alikaa akisubiri kivuko, na subira ile, kwa kero zake zote, ilimpa muda wa kupumzika. Sasa zile kilomita 3 anazipita kwa dakika chache na kuendelea moja kwa moja hadi Usagara. Daraja tumelililia miaka mingi na silinung'unikii hata kidogo. Nasema tu kwamba pumziko lile halipo tena.

Wapo wanaotaka kikomo kishushwe hadi 50, kama Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza na kama jimbo la Utah, Marekani, lilivyofanya mwishoni mwa 2018. Naunga mkono, maana kitawazuia wengi, vijana kwa wazee. Lakini baba mdogo angepita hata hapo. Kwa watu kama yeye naona kazi iko kwa kamati za sherehe. Tunachanga mamilioni kwa ajili ya kreti za bia, mapambo na MC, halafu hakuna aliyewahi kuweka kwenye bajeti Noah moja ya kuwarudisha wazee nyumbani. Wazee wapewe nafasi ya kusema saa mbili, wale kwanza, na gari la kuwarudisha litangazwe mapema kama heshima kwa wote, ili pasiwe na mzee anayeonekana ameshindwa.

Nilimweleza baba mdogo habari ya yule mtu wa mkaa siku tatu baadaye, mchana, tukiwa wawili tu barazani kwake. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza kama yule mtu alikuwa na mtoto nyuma ya baiskeli. Nikamwambia hapana, ni magunia tu. Akaniuliza tena.