Kabla ya Kukubali Kwamba Mazabodi Imekufa

Wakati wa masika yaliyopita, kompyuta yangu mpakato ilikataa kuwaka asubuhi ya siku niliyopaswa kukabidhi ripoti. Usiku wa kuamkia siku hiyo umeme ulikatika na kurudi mara kadhaa huku mashine ikiwa kwenye chaji. Fundi wa kwanza niliyempelekea alichomeka chaji, akabonyeza kitufe mara mbili, akaniambia kwamba mazabodi, yaani bodi kuu inayounganisha vifaa vyote vya mashine, imekufa, kisha akanitajia gharama iliyokaribia nusu ya bei ya mashine ya mtumba. Fundi wa pili, mtu mzima asiye na maneno mengi, alichomoa chaji, akafungua mfuniko wa chini, akatenganisha betri na bodi, akashikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi, halafu akarudisha kila kitu mahali pake. Mashine ikawaka.

Alinieleza kwamba umeme ukicheza, kidhibiti kidogo kinachosimamia uwashaji wa mashine huweza kukwama, na kwa kuwa betri huendelea kukilisha, hakipati nafasi ya kuanza upya mpaka vyanzo vyote vya umeme viondolewe na kiasi kilichobaki ndani kimalizike. Kazi hiyo ilichukua muda usiozidi dakika kumi. Tangu siku hiyo ninashikilia msimamo mmoja: kauli ya kwamba mazabodi imekufa inapaswa kuwa ya mwisho kutolewa, na anayeitoa anapaswa kuonyesha alichopima.

Mwenye mashine naye ana sehemu yake, kwa sababu mengi hugunduliwa nyumbani kabla bisibisi haijaguswa. La kwanza ni kutofautisha mashine isiyowaka kabisa na mashine inayowaka bila kuonyesha picha, kwani watu wengi huziita zote mbili kwa jina moja na hivyo kumpoteza fundi tangu mwanzo. Ukisikia feni, au ukiona taa ya kibodi, basi umeme unafika. Mulika kioo kwa tochi ukiwa gizani. Picha hafifu ikionekana, kilichoharibika ni mwanga wa nyuma ya kioo au njia yake ya umeme. Unganisha mashine na televisheni kwa kebo ya HDMI. Picha ikitokea huko, bodi inafanya kazi. Ikilia milio inayojirudia au taa zikipepesa kwa mpangilio fulani, mara nyingi hiyo ni lugha ya mtengenezaji inayotaja kifaa chenye hitilafu, na RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) iliyolegea au kushika kutu ni miongoni mwa sababu za kawaida, hasa kwetu Pwani ambako hewa ina unyevu na chumvi.

Kama hakuna dalili yoyote, anza na soketi, kwa kuchomeka kitu kingine hapo hapo, kisha uiangalie chaji. Hapa ndipo ninapoona watu wakipoteza fedha nyingi. Chaji nyingi za mpakato hutoa volti 19 hadi 20, na kibandiko chake husema wazi: iliyoandikwa volti 19.5 na ampea 3.34 ni ya wati 65. Chaji isiyo halisi inaweza kuonyesha volti sahihi kwenye mita ya kupimia umeme ikiwa haijabeba mzigo, lakini ikaanguka mara mashine inapoanza kuvuta umeme, kwa hiyo kupima ncha ya waya peke yake hakutoshi. Jaribu chaji nyingine yenye volti zile zile na ampea zisizopungua. Kwa mashine zinazochaji kwa USB-C, chaji ya simu huingia tunduni bila tatizo, ila nyingi hazitoi umeme unaohitajika. Na kama taa ya adapta huzimika kila unapoichomeka kwenye mashine, lakini hubaki ikiwaka ukitumia mashine nyingine, hiyo ni dalili ya shoti ndani ya bodi. Hapo ndipo fundi mwenye mita anapohitajika kwa kweli, na mara nyingi kosa huwa ni kapasita moja ndogo, yaani kijenzi kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, inayoweza kubadilishwa bila kununua bodi nzima.

Betri iliyovimba ni jambo tofauti. Ukiona kibodi imeinuka au mfuniko haukai sawa, usiibonyeze, usiitoboe, wala usiendelee kuichaji.

Jambo linaloniuma zaidi ni kuona wanafunzi wakilia kwamba tasnifu zao zimepotea kwa sababu mashine haiwaki. Mara nyingi diski haifi pamoja na bodi. Katika mashine nyingi huweza kuchomolewa, ikawekwa ndani ya kasha la USB na kusomwa kwenye kompyuta nyingine, ingawa zipo mashine ambazo hifadhi yake imechomelewa kwenye bodi, na zipo diski zilizofungwa kwa usimbaji (data iliyofichwa kwa msimbo) ambazo hazifunguki bila ufunguo wake. Kwa hiyo, kabla hujaiacha mashine kwa fundi yeyote, mwambie kwa kinywa na kwa maandishi kwamba asifute chochote, na umwombe aitoe diski mbele yako uondoke nayo, kwa kuwa kuchunguza kwa nini mashine haipokei umeme hakuhitaji faili zako.