Mbegu ya desmodiamu itatoka wapi?

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa ameisifu mikataba ya utafiti wa kilimo kati ya Ulaya na Afrika, lakini hakugusa kinachotokea baada ya mradi kufungwa. Mfano upo hapa Kenya: mbinu ya sukuma-vuta ya kupambana na wadudu na magugu kwenye mahindi, iliyobuniwa miaka ya 1990 na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Rothamsted ya Uingereza na watafiti wa Kenya. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa katikati ya mistari ya mahindi na harufu yake huwafukuza nondo wa funza wa mabua, huku majani ya tembo (nepia) yaliyozunguka shamba yakiwavuta wakatage huko. Mizizi ya desmodiamu nayo huichochea mbegu ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, iote, kisha ife kabla ya kujishika kwenye muhindi. Kwa sayansi hiyo sina ubishi, na ng'ombe nao hupata malisho. Kikwazo ni mbegu ya desmodiamu, ambayo ni ndogo mno, ghali, na adimu madukani, ingawa (jambo lisilosemwa vya kutosha) mkulima anaweza kupanda vipande vya shina alivyopewa na jirani. Ningependa kuona katika bajeti za mikataba hii mipya fungu la wakulima wanaozalisha mbegu, hata kama itabidi warsha za hotelini zipunguzwe.