Tofali la udongo na saruji Tabora: saruji nyingi imejificha kwenye mota

Ukipita Ipuli au Kiloleni ukamkuta fundi anashindilia matofali ya udongo na saruji kwenye mashine ya mkono, hutasimama dakika kumi kabla mpita njia hajauliza: "Kwani hiyo si nyumba ya udongo tu?" Swali hilo limewarudisha wengi kwenye tofali la kuchoma, hata waliokuwa wameshapata mashine. Nyuma yake kuna hoja mbili zinazostahili kupimwa: kwamba tofali hilo, liitwalo la kufungamana kwa sababu linashikana na lenzake lenyewe, ni dhaifu, na kwamba linakula saruji. Ya kwanza ina ukweli pale kazi inapofanywa vibaya. Ya pili, kwa nyumba nyingi zinazojengwa mjini Tabora, hesabu yake haisimami.

Kwanza, haki ya tofali la kuchoma. Familia inalitengeneza bila kwenda dukani: udongo wa kichuguu, maji, fomu ya mbao, jua la Juni hadi Agosti, kisha tanuru. Mkulima aliyeuza tumbaku au mpunga anachoma matofali elfu nne mwaka huu, anayapanga pembeni ya uwanja, mwakani anaongeza mengine. Mvua ya Novemba hadi Aprili ikiyapiga, yaliyoiva hayayeyuki. Kwa watu wengi hiyo ndiyo benki yao. Tena kila fundi anajua kulijenga, na ukitaka kuongeza chumba baada ya miaka kumi hutafuti mashine ya aina fulani. Anayelidharau tofali la kuchoma hajaelewa watu wanavyojenga kwa pesa inayokuja mara moja kwa mwaka.

Gharama yake iko porini. Ili udongo uive ugeuke tofali la kweli, moto wa tanuru unatakiwa kufika karibu nyuzi joto 900 au zaidi na kudumu, na kuni za kuufikisha huko ni magogo, vijiti havitoshi. Magogo hayo yanatoka kwenye misitu ileile ya miyombo inayokausha tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge, inayotoa mkaa wa mjini na inayolisha nyuki wa asali ya Tabora. Kisiki cha miyombo huchipua, ni kweli, lakini chipukizi kufikia unene wa gogo la tanuru ni kazi ya miaka mingi. Na moto wenyewe hauenei sawa: matofali ya katikati yanaiva, ya pembeni yanatoka na rangi hafifu, ukiyasugua kwa kidole yanaacha unga. Hayo hayatupwi. Yanaingia ukutani, mara nyingi kwenye kuta za ndani, na lipu inayafunika.

Sasa tuje kwenye saruji, maana hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Chukua tofali la kuchoma la kawaida la fomu ya mbao: sentimita 22 kwa 11 kwa 7. Tofali hilo halinyooki. Moja limepinda, jingine limevimba kona, la tatu fupi kidogo. Fundi analisawazisha kwa mota, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga unaounganisha matofali, na kiungo kinachotakiwa kuwa sentimita 1 kinafika 2 na nusu. Kwenye ukuta mnene wa sentimita 22, mita moja ya mraba inachukua matofali kama 78, na mota inayobaki katikati yake ni asilimia 40 ya ukuta wote. Ndiyo, asilimia 40. Viungo vingekuwa vya sentimita 1, mota ingekuwa kama asilimia 20. Sentimita moja na nusu tu ya kupinda inazidisha mota mara mbili.

Igeuze hiyo iwe saruji. Kwa mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji kwa sita za mchanga, ukuta wenye viungo vya sentimita 2 na nusu unameza karibu kilo 23 za saruji kwa kila mita ya mraba, kabla ya lipu. Tofali la kufungamana la sentimita 30 kwa 15 kwa 10 lina uzito wa kama kilo 8 na nusu, na mfuko wa kilo 50 unatoa matofali 70 hadi 100 kulingana na udongo. Mita ya mraba inachukua matofali 33 au 34. Kwa hiyo saruji yake ni kilo 17 hadi 24. Yaani saruji unayoiona ikichanganywa kwenye udongo na kuiogopa ni ileile, au pungufu, ya ile inayopotea kwenye viungo vya ukuta wa kuchoma bila mtu kuihesabu. Kwa nyumba yenye mita za mraba 120 za ukuta, upande mmoja ni matofali yapata 9,400 na mifuko kama 55 ya mota, upande wa pili ni matofali 4,000 na mifuko 40 hadi 57. Baada ya hapo ukuta wa kuchoma unadai lipu, na ukuta uliopinda unadai lipu nene: kwa sentimita 2 na nusu, kama kilo 6 au 7 nyingine kwa kila mita ya mraba ya kila upande. Ukuta wa kufungamana uliojengwa vizuri unaweza kuachwa wazi nje.

Hesabu hii ina mipaka yake. Vijijini wengi wanajenga tofali la kuchoma kwa udongo mtupu na kuziba viungo vya nje tu kwa saruji, na hao mifuko 55 haiwahusu. Mwenye matofali yaliyonyooka na fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kuipunguza mota hadi nusu. Lakini anayejenga mjini kwa mota ya saruji na kusema amekwepa gharama ya saruji, hajapima viungo vyake kwa rula.

Kuhusu udhaifu, uzito wenyewe unajibu. Ukuta wa mita 3 wa matofali ya kufungamana unalibebesha tofali la chini kabisa uzito usiofika kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, na paa la bati halibadilishi sana hapo. Tofali lililoshindiliwa na kutunzwa vizuri hubeba kilo 20 na kuendelea kwenye eneo hilohilo. Nyumba ya chini haianguki kwa sababu tofali limeelemewa. Inaanguka kwa sababu ya maji na uzembe, na uzembe huo unaweza kutajwa mmojammoja.

Unaanza na udongo. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, sentimita 30 au zaidi, tumia wa chini yake. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, kipake oili ndani, jaza udongo uliolowa, uanike juani siku tatu. Ukikauka, usukume wote upande mmoja na upime nafasi iliyobaki. Chini ya milimita 15, ndoo moja ya saruji inatosha kwa ndoo 18 za udongo. Milimita 15 hadi 30, ndoo 16. Hadi 45, ndoo 14. Hadi 60, ndoo 12. Ikizidi hapo, ongeza mchanga upime upya. Udongo wa maeneo mengi ya Tabora una tatizo la kinyume: mchanga mwingi, tofali linavunjika kona likitolewa kwenye mashine. Dawa ni kuchanganya na udongo wa kichuguu uliopondwa na kuchekechwa kwenye wavu wa milimita 5. Udongo mweusi wa mbuga usiuguse. Unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na saruji ya kuutuliza inamaliza faida yote.

Maji nayo yana kipimo, na hakihitaji chombo. Finyanga donge mkononi, liachie kutoka urefu wa mita moja. Likivunjika vipande vinne au vitano, maji yametosha. Likitawanyika kama unga, bado kavu. Likibonyea kama chapati, umezidisha. Mchanganyiko ulioshatiwa maji ushindiliwe ndani ya nusu saa. Kukoroga toroli sita asubuhi ili vijana wasisimame mchana ni kosa linaloonekana kila mahali: saruji inaanza kushika ikiwa bado kwenye lundo, na tofali la saa sita linatoka na sura ileile ya tofali la saa mbili bila nguvu yake.

Kosa kubwa kuliko yote linakuja baada ya hapo. Tofali jipya linawekwa juani "likauke". Saruji haikomai kwa kukauka, inakomaa kwa unyevu. Upepo wa Agosti wa Tabora unaufyonza unyevu huo kwa siku moja na kazi ya saruji inasimama katikati. Yafunike kwa nailoni yanapotoka tu kwenye mashine, yamwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7 bila kuruka, yasijengewe kabla ya siku 14, na 28 ni bora. Hapa ndipo tofali hili lina shida ya kweli kwetu: msimu wa kufyatua ni msimu wa visima kupungua. Asiye na uhakika wa maji ya siku 7 asianze. Kumjua aliyeruka hatua hii ni rahisi: kwangua tofali lake kwa msumari. Lililotunzwa linaacha mstari mwembamba mweupe. Lililokaushwa linamwaga unga, na ukilitumbukiza kwenye ndoo ya maji usiku mmoja, kona zinakuwa tope. Nyumba iliyojengwa kwa matofali ya namna hiyo ndiyo inayotajwa mtaani kama ushahidi kwamba udongo haufai.

Kwenye kujenga, kozi ya kwanza, yaani mstari wa chini wa matofali, inalala kwenye mota na kupimwa kwa pima maji tofali kwa tofali, kwa sababu kozi za juu hazina mota ya kuficha kosa: milimita 3 za chini zinafika juu zikiwa ufa wa kidole. Msingi uwe wa mawe au zege, uinuke juu ya ardhi angalau sentimita 40, maana tone la mvua linaloruka kutoka chini ndilo linalokula ukuta, na nailoni nene ya kuzuia unyevu ilazwe chini ya kozi ya kwanza. Lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, izunguke nyumba nzima na kenchi za paa zifungwe kwayo. Mabomba ya umeme yapangwe mapema, kwa sababu ukuta wa sentimita 15 haupendi patasi.

Na paa litokeze nje ya ukuta sentimita 60 hadi 90. Wanyamwezi walilijua hilo la maji kwa njia ngumu. Tembe lilikuwa na kuta nene na ubaridi mzuri, lakini paa lake la udongo lilidai ukarabati kila mwaka, na tembe la Kwihara alilokaa Livingstone mwaka 1872 tunalolitembelea leo ni lililojengwa upya. Udongo ukinyimwa kofia na viatu haudumu.

Upande wa joto, tofali la kuchoma lina pointi moja: ukuta wa sentimita 22 unachelewesha joto la Septemba na Oktoba kuliko wa sentimita 15. Tofauti hiyo ni ndogo ukiilinganisha na bati lisilo na dari. Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri liko utosini, kwa hiyo kinachochemsha chumba mchana ni paa. Weka dari, kuta fupi zitazame mashariki na magharibi, madirisha yatazamane kaskazini na kusini.

Inabaki hoja ya benki, yenye nguvu kuliko zote. Saruji haiwekeki, mfuko ukilala stoo msimu mmoja wa mvua unakuwa jiwe. Lakini mfuko mmoja ni matofali 70 hadi 100, yaani mita za mraba 2 hadi 3 za ukuta, na tofali lililokomaa, likiinuliwa juu ya mbao na kufunikwa, linasubiri mwaka mwingine bila shida. Mwenye pesa ya mifuko mitano baada ya mavuno anafyatua ya mitano. Asichoweza peke yake ni mashine. Hiyo inafaa inunuliwe na kikundi au ikodishwe kwa siku: watu wanne waliozoea wanatoa matofali 300 hadi 400 kwa siku, na kwa mifuko mitano hiyo, siku moja au mbili zinatosha.