Mwanamke wa Kiingereza anapoingia Kicheki

Msimulizi wa riwaya ya Kiingereza anaweza kusema “nilikuwa nimechoka” kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na msomaji asijue kama ni mwanamume au mwanamke. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuoni ajabu, kwa kuwa kitenzi chetu nacho hakisemi. Mfasiri wa Praha, mji mkuu wa Jamhuri ya Cheki, anayeandika kwa Kicheki, hana nafasi hiyo. Akiandika byl jsem unavený, msimulizi ni mwanamume. Akiandika byla jsem unavená, ni mwanamke. Daktari naye atakuwa lékař au lékařka, mwalimu učitel au učitelka. Kwa hiyo maneno mepesi kabisa ya Kiingereza humlazimisha mfasiri kuamua jambo ambalo mwandishi mwenyewe aliliacha wazi, pengine kwa makusudi.

Mengine hayana ugomvi. Žena ni mwanamke na pia ni mke. Panapotakiwa kutofautisha, lipo neno manželka kwa mke wa ndoa. Kwa msichana kuna dívka la vitabuni, holka la mitaani, na děvče, ambalo kisarufi si la kike wala la kiume. Wanawake watu wazima huitana holky kwa mapenzi, lakini neno hilohilo likitoka kwa bosi linaweza kuuma. Mfasiri mwenye sikio huangalia nani anamsemesha nani, na shauri linaishia hapo.

Ugumu unaanza kwenye namna ya kumtaja mwanamke kwa heshima. Nchini Marekani, hasa miaka ya 1970, wanawake walilipigania neno “Ms”, badala ya “Mrs” la aliyeolewa na “Miss” la asiyeolewa, ili barua isitangaze kama mtu ameolewa au la. Mwaka 1972 jarida la wanawake lenye jina hilo lilianza kutoka kila mwezi. Kicheki kina paní na slečna. La pili ni la msichana au mwanamke kijana, na zamani lilikuwa la asiyeolewa. Leo katika shughuli rasmi paní hutosha kwa mwanamke yeyote mtu mzima, na mimi naona mfasiri alitumie bila wasiwasi. Gharama ipo, tuikubali: katika riwaya ya miaka hiyo, mwanamke anayesisitiza aitwe “Ms” anapinga jambo fulani, na paní hufuta upinzani wake. Hata hivyo, hilo linavumilika kuliko kubuni kifupisho ambacho hakuna Mcheki atakayekitamka.

Mjadala mkali hasa ni wa majina ya ukoo. Binti au mke wa mwanamume aitwaye Novák huitwa Nováková, kwa kuongezewa kiambishi -ová, na desturi hiyo imewafuata wageni pia. Kwenye majalada ya Kicheki mwandishi wa Harry Potter ni J. K. Rowlingová. Serena Williams ni Williamsová kwenye kurasa za michezo, na Hillary Clinton ni Clintonová.

Wanaoitetea desturi hii wana hoja nzito ya kisarufi. Nomino ya Kicheki hubadilisha mwisho wake kulingana na kazi yake katika sentensi, na kuna maumbo 7. Kwa sababu hiyo maneno yanaweza kupangwa kwa uhuru mkubwa. Brownovou viděla Smithová maana yake Smith alimwona Brown, ingawa Brown ndiye aliyetangulia. Ondoa viambishi, ubaki na Brown viděla Smith, na msomaji hajui tena nani alimwona nani. Hili si suala la ubaguzi. Ni mashine ya lugha inayohitaji mahali pa kushika.

Wanaopinga wanatazama mizizi. Kiambishi hiki kinatokana na umbo la kumiliki, yaani “wa Novák”. Kicheki cha zamani kilitofautisha paní doktorka, daktari mwanamke, na paní doktorová, mke wa daktari. Hayo si mambo ya kubuni, na anayeyasikia kila anapoitwa ana haki ya kukereka. Watetezi hujibu kwamba leo hata mtoto mchanga wa kike hubeba -ová, kwa hiyo hakuna anayewaza umiliki. Jibu hilo lina ukweli, lakini halimalizi neno: mtoto huyo analipata jina kwa baba yake.

Sheria imeshasogea. Tangu tarehe 1 Januari 2022 mwanamke yeyote wa Jamhuri ya Cheki anaweza kuchagua kuandikishwa bila kiambishi. Kabla ya hapo ilimbidi awe na sababu maalumu, kama vile kuolewa na mgeni. Serikali inapomruhusu raia wake kuchagua, mfasiri anapata wapi mamlaka ya kumwamulia mgeni? Tazama Madeleine Albright. Alizaliwa Praha mwaka 1937 akiwa Körbelová. Alipokuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, magazeti ya Kicheki yalimwita Albrightová, jina ambalo hakuwahi kuwa nalo katika nyaraka za Marekani. Marilyn Monroe, kwa upande mwingine, mara nyingi huachwa alivyo, na sentensi za Kicheki hazijaanguka.

Msimamo wangu ni kutenganisha walio hai na wahusika wa kubuni. Mhusika wa riwaya anaishi ndani ya lugha anayosomewa. Akipewa -ová hakuna anayenyang’anywa kitu, na msomaji anapata sentensi inayotiririka. Mwanamke aliye hai ana jina lake, na kuliacha zima ni adabu.

Lile tatizo la nani alimwona nani nalo lina njia zake. Jina la kwanza likiishia kwa -a, hilo ndilo libebe mabadiliko: Serena anakuwa Serenu, na Williams anabaki Williams. Kwa Meryl Streep njia hiyo haifai, kwa sababu Meryl halibadiliki. Hapo mfasiri atangulize kazi yake, herečka, yaani mwigizaji wa kike: herečku Meryl Streep anapotendwa, herečka Meryl Streep anapotenda. Neno moja linaongezeka, sentensi inaeleweka, na jina halijaguswa.