Fataki zilizoisha muda, ziwani zisitupwe

Anayedhani fataki za dharura, zile za kuombea msaada majini, ni mambo ya meli kubwa tu, asimame Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, usiku wa giza, wakati wa dagaa. Ziwa zima taa. Injini ikuzimikie huko, maji yaanze kuingia, upunge tochi ya simu: nani atajua kwamba wewe huvui? Kwetu mwanga mweupe hausemi kitu. Mwekundu unaopanda angani, huo kila mtu anageuka.

Roketi ya mwavuli, yaani fataki inayorushwa juu kisha ikashuka polepole kwa mwavuli, yenye viwango vya kimataifa hupanda mita 300 au zaidi, ikawaka sekunde 40 hivi. Ya kushika mkononi huwaka dakika moja. Unachonunua ni hizo sekunde, na tarehe iliyoandikwa ubavuni, kwa kawaida miaka 3 au 4 tangu kutengenezwa, ndiyo dhamana yake. Unyevu na joto la chini ya benchi la boti vikishaingia kwenye baruti, inaweza kugoma, au ikalipukia mkononi. Wapo wanaoziweka za zamani kama akiba. Mimi sikubaliani nao, maana kwenye taharuki hakuna anayesoma tarehe.

Kununua mpya ni suala la pesa tu. Kazi iko kwenye zile kuukuu. Ukiitupa majini, ina chumvi za kemikali zinazoyeyuka, na Tanganyika, kwa kina chake cha mita 1,470 hivi, hubadilisha maji yake kwa mamia ya miaka. Maji hayohayo tunachota ya kunywa. Jalalani je? Taka zetu huchomwa moto, na watoto huokota. Kuirusha harusini ndiyo ujinga wenyewe: utawatoa watu kwenda kumwokoa bwana harusi.

Kwa sasa zifunge kwenye chombo kikavu, mbali na petroli na jiko, uandike “ZIMEISHA”, kisha uwaulize polisi wanamaji kabla ya kuzibeba popote. Usizipakie kwenye bajaji na abiria.

Ila mzigo huu usiachiwe nahodha peke yake. Soda ya chupa huuziwi bila kurudisha chupa tupu. Muuza fataki naye apokee za zamani anapouza mpya. Na mkaguzi wa boti anayekuambia hizi zimeisha, akuambie pia uzipeleke wapi.